SOMO: MGENI, MPANGAJI NA MWENYE KIBANJA



Katika vijiji vya Karagwe na Kyerwa kuna maneno yanayosikiwa sana barazani. Mtu mmoja husimama na kusema, "Nimekaa hapa miaka thelathini. Nimepanda migomba na mibuni, nimejenga nyumba, nimezika watoto wangu. Shamba hili ni langu." Mwenziwe naye husimama akajibu, "Sivyo, wazee wangu. Baba yangu alimpokea mtu huyu alipokuja hana pa kulala. Kila mwaka alituletea kibuyu cha lubisi na mkungu wa ndizi. Yeye ni mgeni wetu." Wala hapana karatasi hata moja. Wazee waliokuwapo siku ile ya kupokewa wamekwisha kufa, na waliobaki walikuwa watoto wadogo. Basi wazee wa baraza hutazamana, na majirani hugawanyika, wengine huku, wengine huku.

Watu wengi hudhani ya kuwa shauri kama hili hukatwa kwa kuhesabu miaka tu: aliyekaa sana ameshinda. Wengine hudhani kinyume chake, ya kuwa mtoto wa mwenye shamba hawezi kushindwa kamwe, hata akirudi baada ya miaka mingapi. Wote wawili wamekosea. Kabla ya kuhesabu miaka, mwamuzi huuliza kwanza: Mtu huyu aliingia kwa mlango gani? Alialikwa, au alipanga, au alinunua, au alipewa, au aliingia mwenyewe bila ruhusa? Akiisha kuujua mlango, ndipo aweza kujua maana ya miaka. Hilo ndilo somo letu la mwezi huu, nasi tutalifuata hatua kwa hatua.

I. Desturi ya zamani

Zamani za wafalme ardhi yote ilihesabiwa kuwa chini ya Mkama. Huko Bweranyange palikuwa na ikulu ya Rumanyika, mfalme wa Karagwe, ambaye Waingereza wawili, Speke na Grant, walifika kwake mwaka 1861. Mtu wa kawaida alikuwa na kibanja chake, yaani shamba la migomba lenye nyumba ndani yake, na baadaye na mibuni chini ya migomba. Nje ya vibanja palikuwa na rweya, mbuga ya majani, ambapo watu walichunga ng'ombe na kulima vimsiri vya mazao ya msimu.

Lakini katika nchi za Bukoba, ambazo Karagwe nayo ilikuwa pamoja nazo katika wilaya moja wakati wa Waingereza, palikuwa na desturi nyingine iliyoitwa nyarubanja. Mkama alimpa ndugu yake, au mtumishi wake aliyempendeza, sehemu kubwa ya nchi pamoja na watu waliokaa humo. Tangu siku ile watu wale walikuwa wapangaji wa bwana yule. Walikaa, walilima na kurithisha watoto wao, lakini kila mwaka ilikuwa sharti wamtolee bwana sehemu ya mavuno yao au utumishi wao. Wengine walikuwa wamekaa mahali pale kabla ya bwana yule kuja. Hawakupatana naye neno lo lote, ila waliambiwa tu. Walipotoa ndizi za kwanza, kutoa kule kukawa mapatano.

Angalia jambo hili vema, maana ndilo mzizi wa mashauri mengi. Mtu hakutia sahihi wala hakuapa. Alitoa, na mwenziwe akapokea. Kutoa na kupokea kulisema yale ambayo midomo haikuyasema. Mwaka 1945 Hans Cory na Hartnoll walipiga chapa kitabu kikubwa cha sheria za kimila za Wahaya, nayo mahakama yamekitaja mara nyingi tangu wakati ule. Humo nyarubanja imeelezwa pamoja na taratibu zake.

II. Serikali ilivyokata mizizi ya nyarubanja

Tanganyika ilipopata uhuru mwaka 1961, watu waliuliza ikiwa yafaa mtu amtolee mwenziwe mazao kila mwaka kwa sababu babu yake alipendwa na mfalme. Mwaka 1963 utawala wa machifu ulifutwa. Mwaka 1965 Bunge likatunga sheria ya kuwakomboa wapangaji wa nyarubanja, ili wale waliolima ardhi ile wawe ndio wenye kuishika, wasiwe tena chini ya mabwana wao. Mwaka 1968 ikafuata sheria nyingine, iliyoupeleka ukombozi huo kwa upangaji wa kimila mahali pengine pia.

Baadaye ikaja Operesheni Vijiji, ambayo watu walihamishwa na kupewa mashamba mapya. Mengi ya mashamba hayo yalikuwa ya watu wengine kabla ya hapo. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 imethibitisha ugawaji uliofanywa kati ya mwaka 1970 na mwaka 1977 katika kazi ile. Kwa hiyo mtu asemaye leo, "Babu yangu alinyang'anywa wakati wa vijiji, nami nalitaka shamba langu," atakuta mlango umefungwa, hata kama maneno yake ni ya kweli.

Mambo haya yameacha mawazo mawili mioyoni mwa watu. Watoto wa wapangaji wa zamani husema, "Sheria imetukomboa, kila akaaye juu ya ardhi ni mwenyewe." Watoto wa wenyeji husema, "Sheria ile ilikuwa ya nyarubanja tu. Mgeni wa baba yangu hakuwa mtu wa nyarubanja." Katika neno hili watoto wa wenyeji wana haki kiasi. Ukombozi ule ulikuwa tendo la Bunge kwa upangaji wa namna maalum na kwa wakati wake. Haukusema ya kuwa kila mtu aliyeazimwa shamba jana amekuwa mwenyewe leo.

III. Mapatano yasiyotamkwa

Sasa tuje kwenye shauri gumu zaidi. Mara nyingi mtu hupokewa kwa maneno machache tu: "Mwanangu, kaa pale ng'ambo ya kijito, ulime, ule na watoto wako." Hakutajwa kodi, wala muda, wala mwisho. Baada ya miaka mingi pana ugomvi, na baraza lataka kujua maneno yale yalikuwa na maana gani. Kwa kuwa maneno hayakutosha, wazee hutazama matendo. Kuna alama nne.

Ya kwanza ni kitu kilichotolewa. Ikiwa kila mavuno mgeni alimpelekea mwenyeji kiasi kile kile cha kahawa au fedha, na mwenyeji alipokea kama haki yake, hiyo ni alama ya upangaji. Lakini tujihadhari. Kibuyu cha lubisi ni zawadi ya ujirani pia. Mtu aliyenunua shamba kwa fedha zake aweza kumpelekea aliyemwuzia pombe kila mwaka kwa shukrani tu, na baada ya miaka ishirini mtoto wa mwuzaji akasema, "Hii ndiyo kodi." Kwa hiyo zawadi haitoshi peke yake. Huulizwa: Alipokosa kuleta, je, alidaiwa? Akidaiwa mbele ya watu, hiyo si zawadi.

Ya pili ni kitu kilichopandwa. Katika nchi yetu aliyeazimwa shamba huruhusiwa kupanda maharagwe, mahindi, karanga na viazi, mazao yanayoondoka kwa msimu. Mibuni na migomba hukaa miaka mingi, na apandaye mibuni hujionyesha kuwa ni mwenyewe. Ndiyo sababu wenyeji wenye busara huwakataza wageni kuipanda. Basi mwenyeji akiona mibuni inapandwa akanyamaza, akiona inachumwa akanyamaza, kunyamaza kwake kutakuwa shahidi juu yake.

Ya tatu ni makaburi na nyumba. Mtu huzika wafu wake katika kibanja chake. Mwenyeji akimruhusu mgeni kuzika mzazi wake mahali pale, na yeye mwenyewe akaja matangani wala asiseme neno, watu watauliza kwa nini.

Ya nne ni mpaka. Ni nani aliyepanda mlamula mpakani, mti ule ambao jina lake latukumbusha kazi ya kuamua? Jirani alipougusa mpaka, ni nani aliyekwenda kushtaki, mwenyeji au mgeni? Atendaye kama mwenyewe mbele ya majirani huacha alama isiyofutika upesi.

Hapana alama moja inayokata shauri peke yake. Mwamuzi mwema huziweka zote nne pamoja, kama mtu awekaye mafiga ya jiko, ndipo chungu kikae imara.

Jambo hili lipo pia katika miji yetu midogo, kama Kayanga, Omurushaka na Nkwenda, ambako watu hupanga vyumba vya duka. Mtu amepatana mwaka mmoja; mwaka umekwisha, wala hawakuandikiana tena; lakini kila mwezi amelipa na mwenye nyumba amepokea. Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 yatambua upangaji usiotajiwa mwisho, nayo huuhesabu kwa kipindi kile ambacho kodi hulipwa. Mpangaji huyu si mvamizi, kwa hiyo haifai kumtupia vyombo nje usiku; yapasa apewe taarifa. Lakini pia si mwenye nyumba, hata akilipa miaka ishirini. Kila kodi aliyolipa ni ungamo lake kwamba nyumba ni ya mwingine.

IV. Maana ya miaka kumi na miwili

Kuna hesabu moja iliyo midomoni mwa watu wote: miaka 12. Wengine huitaja kama dawa ya kugeuza mgeni kuwa mwenyewe. Yafaa tuijue vizuri.

Kanuni za mwaka 1964 za mashauri ya kimila, na Sheria ya Ukomo ya mwaka 1971, zimeweka miaka 12 kuwa muda wa kudai ardhi. Maana yake ni hii: mtu aliyenyang'anywa ardhi yake, akanyamaza miaka 12 na zaidi, hawezi tena kupeleka daawa yake. Sheria haipendi ugomvi uliolala kizazi kizima ufufuliwe, wakati mashahidi wamekufa na mipaka imesahauliwa. Mwaka 1967 Mahakama Kuu ilikataa kumsumbua mtu ambaye yeye na baba yake walikuwa wameishika ardhi na kuiendeleza kwa muda usiopungua miaka 18. Ilionekana kuwa si haki kumng'oa mtu mahali alipotia jasho lake muda mrefu hivyo.

Lakini tusikie upande wa pili. Katika shauri la mwaka 1972 Mahakama Kuu ilisema ya kuwa mtu aliyealikwa hawezi kuichukua ardhi aliyoalikwa na kumtoa mwenyeji wake, hata akikaa muda gani. Na mwaka 2018 Mahakama ya Rufani, katika shauri kati ya shirika la watawa na watu zaidi ya 100, ilieleza tena jambo hilo kwa mapana. Ilisema kwamba kukaa muda mrefu peke yake hakutoshi. Adaiye ardhi kwa sababu ya kuishika muda mrefu yampasa aonyeshe kwamba aliishika waziwazi, pasipo kukatizwa, pasipo ruhusa ya mwenyewe, na kwa nia ya kuimiliki. Aliyeingia kwa ruhusa hana njia hiyo.

Je, hukumu hizi zapingana? Sivyo. Zatofautiana kwa sababu milango ilikuwa mbalimbali. Mgeni hukaa chini ya haki ya mwenyeji. Kila siku akaayo, hukaa kwa jina la mwenyeji. Miaka yake haimwondoi mwenyeji, bali yaonyesha wema wa mwenyeji tu. Lakini aliyeshika kama mwenyewe, mbele ya macho ya watu, na yule mwenye kudai akaona asiseme neno, huyo miaka yamsaidia. Tena mgeni aweza kubadili hali yake. Siku atakaposema mbele ya watu, "Tangu leo sikutambui, shamba ni langu," na mwenyeji akasikia, basi mwenyeji asilale. Asidhani kwamba kwa kuwa alikuwa mgeni jana, atabaki mgeni milele hata kama mwenyeji hatadai.

V. Mfano wa watu watatu

Tuseme kwamba mzee mmoja alikuwa na shamba kubwa kando ya barabara iendayo Murongo. Watu watatu wakaja kwake kwa nyakati mbalimbali.

Wa kwanza aliomba mahali pa kulima maharagwe. Mzee akamwambia, "Lima, lakini usipande mbuni." Akalima miaka ishirini na mitano, na kila mavuno akaleta kikapu kimoja. Mzee alipokufa, mtu yule akapanda mibuni upesi katika mwaka wa matanga, akawaambia watoto, "Nimezeeka hapa." Je, amekuwa mwenyewe? Sivyo. Mlango wake ni uazimo, na kikapu chake ni ushuhuda. Miaka ishirini na mitano haikumpa kitu, na mibuni ya mwaka mmoja haitabadili neno. Lakini watoto wakinyamaza wakimwona anachuma mibuni ile na kujitangaza kuwa mwenyewe, mwaka baada ya mwaka, wanatengeneza shauri baya kwa wajukuu wao.

Wa pili alileta ng'ombe mmoja na fedha, mzee akamkatia sehemu, wakatembea mpakani pamoja na majirani, wakapanda milamula, wakanywa. Hawakuandika. Akajenga, akapanda migomba, akamzika mama yake. Kwa urafiki akaleta lubisi kila mwaka. Mzee alipokufa, mtoto wake aliyekuwa mjini akarudi akasema, "Huyu ni mpangaji wetu." Huyu wa pili yu katika hatari kubwa, ingawa haki ni yake, maana mashahidi wamebaki wawili tu. Kilichomwokoa ni milamula, kaburi, na neno la majirani ya kwamba siku ile walikula nyama ya ununuzi.

Wa tatu hakumwomba mtu. Aliona pori upande wa nyuma, akaingia, akafyeka, akajenga. Mzee alimwona akasema moyoni, "Nitamshtaki mwakani." Mwaka ukapita, na mwingine, hata mzee akafa. Watoto wakasema vivyo hivyo. Ikapita miaka kumi na saba. Huyu wa tatu aliingia vibaya kuliko wote, hata hivyo ndiye anayeweza kusaidiwa na hesabu ya miaka, kwa sababu hakuwa mgeni wa mtu, naye alishika waziwazi, na wenye haki walinyamaza. Neno hili ni chungu, lakini yafaa tulijue. Sheria haikumpenda mvamizi, imemwacha aliyelala.

Mtu aweza kuuliza, "Je, si afadhali basi kuwafukuza wageni wote upesi, ili tusipoteze mashamba?" Sivyo hata kidogo. Tumeona ya kuwa mgeni wa kweli hamnyang'anyi mwenyeji kwa kukaa. Wema haupotezi shamba. Kinachopoteza shamba ni wema usio na shahidi, pamoja na uvivu wa kusema neno kwa wakati wake.

VI. Kiwanja cha kanisa la mtaa

Jambo hili latuhusu hata sisi katika mitaa yetu. Makanisa madogo mengi yalijengwa juu ya ardhi iliyotolewa kwa kinywa. Mkristo mmoja alisema, "Jengeni hapa," watu wakafurahi, wakajenga kwa miti na udongo, kisha kwa matofali. Mtoaji akafa. Wajukuu wake huona ardhi imekuwa haba na ya thamani, huuliza, "Babu alitoa kabisa, au aliazima tu?"

Ikiwa aliazima tu, sharika haiwezi kusema, "Tumesali hapa miaka arobaini, kwa hiyo ni petu." Mgeni ni mgeni, hata akiwa anaimba. Na ikiwa alitoa kabisa, wajukuu hawana haki ya kurudisha zawadi ya babu yao. Lakini ni nani ajuaye? Basi wazee wa kanisa wasingoje ugomvi. Waende kwa jamaa ya mtoaji wakati wa amani, waulize kwa adabu, waandike yaliyokubaliwa, na wawe tayari kusikia hata neno wasilolipenda. Tukichukua kiwanja cha mjane kwa sababu tu ana haya ya kusema na wachungaji, tumefanya kama alivyofanyiwa Nabothi, ingawa juu ya kiwanja kile tumesimamisha msalaba.

VII. Njia ya kupeleka shauri

Tanzania ardhi yote ni ya umma, nayo iko mikononi mwa Rais kama mdhamini kwa ajili ya wananchi. Lakini haki ya mtu kuishika na kuitumia, hata kwa mila, ni mali ya kweli. Mahakama ya Rufani ilisema hivyo mwaka 1994. Ugomvi ukitokea, njia yake ni hii.

Kwanza, Baraza la Ardhi la Kijiji. Lina watu saba, na wanawake kati yao hawapungui watatu. Kazi yake ni kupatanisha, si kuhukumu.

Pili, Baraza la Kata. Zamani lilikuwa na uwezo wa kukata mashauri ya ardhi. Tangu mabadiliko ya sheria ya mwaka 2021 kazi yake katika mambo ya ardhi ni kupatanisha tu. Wakishindwa kupatana, hutoa cheti cha kuonyesha kwamba usuluhishi ulijaribiwa, haukufaulu.

Tatu, Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya, ambalo husikiliza ushahidi na kukata shauri. Asiyeridhika aweza kukata rufani kwa Mahakama Kuu, iliyo na masjala yake Bukoba, katika siku 45. Na baada ya hapo pana Mahakama ya Rufani.

Wasomaji waangalie jinsi njia ilivyo ndefu kadiri mtu anavyopanda. Chini kuna majirani walioona milamula ikipandwa. Juu kuna majaji wasioujua mlima wala kijito, ambao husoma karatasi tu. Shauri lililoharibiwa chini kwa uongo au kwa haraka ni gumu kulitengeneza juu. Tena mtu aweza kuuza ng'ombe wake wote katika safari za Bukoba kwa ajili ya kipande kisichotosha ng'ombe mmoja.

VIII. Mambo ya kufanya

Amwazimaye mtu shamba na aandike, hata katika daftari ya shule: jina la mwenyeji, jina la mgeni, mahali, mipaka, mazao yanayoruhusiwa, kitu kitakachotolewa, na muda. Watie sahihi au dole gumba wote wawili, na mashahidi wa pande zote, na nakala iwekwe kwa mwenyekiti wa kitongoji au ofisi ya kijiji. Ikiwa hakuna kodi, iandikwe, "Hakuna kodi, ni uazimo."

Anunuaye asitegemee nyama iliyoliwa siku ya ununuzi. Aandike, na mke wa mwuzaji awepo, na watoto wakubwa wajue.

Mwenye kibanja ajitahidi kupata hati ya haki miliki ya kimila kwa kupitia kijiji chake. Sheria ya Ardhi ya Vijiji imewapa wakaguzi wa mipaka ya kijiji uwezo wa kumtambua mtu aliyeshika ardhi kwa mila kwa amani, waziwazi, bila kukatizwa, kwa miaka isiyopungua 12. Wakati wa ukaguzi huo ndio wakati wa kusema. Mwenyeji asiyesema siku ile, akaacha mgeni aandikwe, atajilaumu.

Mjane asifichwe. Sheria hiyo hiyo yasema kwamba mila inayomnyima mwanamke haki ya kupata au kutumia ardhi haina nguvu. Yeye mara nyingi ndiye shahidi wa pekee aliyebaki wa maneno ya mumewe na mgeni. Aulizwe mapema, na maneno yake yaandikwe.

Mwisho, wazee waliokula nyama ya mapatano wasife na siri zao. Mzee mmoja akiwapeleka wajukuu wake mpakani siku moja, akawaambia, "Hapa ni petu, pale tuliwauzia, kule tuliazima tu," ameokoa mashauri kumi. Milamula haina kinywa. Sisi tulio na vinywa na tuseme kweli tungali hai.

Maswali ya kuzungumza pamoja

1. Kuna tofauti gani kati ya zawadi na kodi? Toa mfano wa kijijini kwako.
2. Kwa nini mgeni aliyekaa miaka 30 aweza kushindwa, na mwingine aliyekaa miaka 17 aweza kushinda?
3. Ikiwa umepanda mibuni katika shamba uliloazimwa, utamwambia mwenyeji wako nini leo?
4. Kiwanja cha kanisa la mtaa wetu kilipatikana kwa mlango gani? Ni nani aliye hai anayeweza kushuhudia?